Nani Anakula Gizani?

Kabla ya kumwita fundi wa paneli za jua
Godelieve alinunua daftari la mistari,
akaketi ngazini, mkabala na mita,
miwani puani, kahawa gotini.

Saa moja jioni: jiko, taa, redio. Sawa.
Saa nne: jokofu tu, likikoroma.
Saa tisa usiku, Aalst nzima imelala,
mvua inakwaruza vigae,
na mita bado inakimbia. Wati mia tatu.
Nani anakula gizani?

Akazima na kuwasha swichi, moja baada ya nyingine,
kama apigaye hodi nyumba asiyoijua.
Jikoni: namba zikatikisika tu.
Chumbani: hata hazikujali.
Ya mwisho, isiyo na jina, akaibonyeza
zikaporomoka,
na kule uani banda la njiwa likapoteza
kijimstari chake cha mwanga mwekundu.

Cyriel, baba mkwe, miaka themanini na minne,
akatokea mlangoni, koti juu ya pajama:
"Washa! Makinda hayajaota manyoya."

Kumbe hita. Tangu Krismasi.
Haba na haba, bili imejaa kibaba.

Hakumgombeza. Aliandika: *njiwa, 220.*
Asubuhi wakaziba nyufa za banda kwa blanketi kuukuu,
wawili, bila maneno mengi, vidole vikiwaganda.
Usiku ule hita ilijizima yenyewe mara sita;
alihesabu.

Fundi akaja na hesabu ya paneli kumi na nne.
Godelieve akamsogezea daftari.
"Anza kusoma hapa," akasema,
"kwenye njiwa."