Kitako cha Kikombe

Stoo ya makumbusho, Iringa, miezi saba,
mzee Luvanda wa rejista alinifunza jambo moja:
usisifu ua, geuza.
Uso wa kaure huchorwa kumpendeza mnunuzi.
Kitako huandikiwa forodha,
na forodha haina utani.

NIPPON peke yake, hiyo ni ya zamani,
haivuki mwaka wa ishirini na moja.
Wakiandika Japani kwa Kizungu, ni baada ya hapo.
Na yakiwa maneno marefu, kwamba imetengenezwa
Japani iliyokaliwa na majeshi ya wengine,
basi ni ile miaka michache baada ya vita vya pili,
vidole vya mkono mmoja vinaitosha.
Maandishi ya kwao wenyewe, kama vijiti vya kiota,
yasome juu kwenda chini, kuanzia kulia,
wala usiyaamini mapema: muhuri nao huigwa.
Pitisha kucha. Ikikwama, umegongwa juu ya mng'aro.
Ikiteleza, uliungua pamoja na udongo.

Nikaenda likizo Kyimo na kucha yangu.

Kikombe cha babu kipo kabatini, juu ya Biblia.
Mjerumani wa boma akikimbia, mwaka wa kumi na sita,
baba yake babu, mzee Kasyupa, alimbebea sanduku
hadi mto Kiwira. Fedha hakuwa nayo,
akampa kikombe.
Babu alikinywea kila Jumapili baada ya ibada,
kidole cha mwisho nje,
na mgeni hakuaga kabla ya kuvushwa mto ule.
Tumeirithi hadithi kama tulivyorithi mipaka ya shamba.

Nikakigeuza.
Maneno marefu. Mekundu, yamejipinda nusu duara.
Nikahesabu, nikarudia.
Mjerumani alikuwa ameondoka miaka thelathini na ushei
udongo huu ukiwa bado mlimani kwao.

Nimwambie nani?
Baba mdogo Ambilikile ameshaandika hotuba ya kumbukumbu,
kikombe kimo ukurasa wa kwanza.
Nikachukua jembe, nikaenda kuchimba shimo la mgomba
nyuma ya jiko la zamani.
Udongo wa Rungwe ni mweusi, mwepesi, hauna jiwe;
ndiyo maana jembe lilipolia nikasimama.

Kigae. Ukubwa wa kisigino cha mtoto.
Nikakitemea mate, nikakisugua kwa shati:
rangi ya kijani, na herufi tatu zilizosalia,
P, O, N.
Kingo zake kali bado, kama kimevunjika jana.

Bibi Tusekile alikuwa mlangoni na ungo,
miaka tisini na kitu, macho yanaona yanachotaka.
Akanyoosha mkono. Nikampa.
Naye akakigeuza! Akaanza kutazama chini,
kama mtu wa rejista.

"Mwaka wa pili wa ndoa," akasema.
"Nilikuwa nakisugua kwa majivu, kikaniponyoka.
Nikampelekea Mhindi wa Tukuyu madebe mawili
ya mchele wa kwetu Kyela, anitafutie kinachofanana.
Hakikufanana.
Ua la kwanza lilikuwa na petali tano, hili lina sita.
Babu yako amekinywea miaka arobaini na minne,
hakuzihesabu."

Akapepeta mara moja, makapi yakaruka.
"Au alizihesabu."

Kigae akakifunga kwenye pindo la kanga,
penye hela ya sadaka.

Kazini ningejaza fomu bila shida:
chombo, kikombe cha chai. Asili, Japani.
Tarehe, kati ya arobaini na saba na hamsini na mbili.
Hali, kizima.
Penye "aliyetoa" kalamu ingesimama.

Jioni akanimiminia chai humo humo, ya maziwa, tangawizi nyingi,
nikanywa bila kuinua kitako juu sana.
Nje mvua ya Tukuyu, isiyoomba ruhusa,
ilikuwa inajaza shimo nililosahau kupanda mgomba.