Daftari la Madeni

Baba alikuwa na duka Kuze, mlango mmoja,
mizani yenye kutu na daftari la madeni.
Fundi Twalib, mafuta ya taa, chupa.
Bi Nafisa wa ghorofani, sukari ratili, atalipa Ijumaa.
Ijumaa ya lini, haikuandikwa.

Mimi nilikuwa na surua na miaka saba.
Nimefungiwa chumba cha juu, nanuka mwarobaini,
kazi yangu dirisha.
Ndipo akaja chozi kwenye mkomamanga wa jirani,
akaning'inia kichwa chini, miguu juu,
kama aliyesahau alichotumwa,
nikacheka hadi kikohozi kikanishika.
Nikaiba penseli, nikaligeuza daftari nyuma mbele,
nikaandika: Chozi, mmoja. Hadaiwi kitu.

Surua ikapoa. Ndege hawakupoa.
Kakangu Hemedi alishika manati, mimi penseli,
tukagombana njia nzima mpaka Tudor,
na pale, kwenye tope la maji kupwa,
sululu akichokora kwa mdomo wake wa upinde
kama mshonaji aliyeangusha sindano.
Hemedi akavuta mpira.
Nikakohoa kwa makusudi.
Konzi niliyopigwa iliniuma hadi magharibi,
na sululu alikuwa keshafika ng'ambo.

Baba alipogundua hakunigombeza.
Alisoma ukurasa wangu kama asomavyo wake,
kidole mstari kwa mstari, kikasimama:
Ndege mdogo, kifua embe bivu. Jumanne. Jina?
"Na huyu je?"
Simjui, nikasema.
"Basi usimkate. Kwetu hukatwa aliyekwisha lipa."

Miaka thelathini na mmoja nilipima makasha Kilindini,
mwewe juu ya winchi, chai ikipoa mkononi.
Jumapili, Kibarani, leso puani,
nahesabu yangeyange juu ya jaa,
weupe kama kanzu za Idi, miguu kwenye uozo.
Waokota chupa walidhani nimetumwa na baraza.
Mume wangu aliuliza mara moja tu:
"Wanakulipa?"
Kunguru wakazidi, shomoro wakapungua;
niliwaandika kunguru pia, kwa hasira,
hati mbaya.

Sasa mtoto wa jicho ameniingia, la kulia.
Wengi nawajua kwa sikio:
dudumizi alfajiri, akimimina maji yake chupani,
glu, glu, glu, na chupa haijai.

Juzi mjukuu wangu Rumaisa kanijia mbio, simu mkononi.
"Bibi! Yule wa Jumanne! Kifua embe!
Yuko uani, na jina lake nimelipata."
Lifunike kwanza, nikamwambia.

Nilimwona, au niliona doa la manjano
likihama tawi hadi tawi la mlangilangi.
Twalib amekufa, Nafisa amekufa,
duka la Baba sasa wanauza vioo vya simu,
na mstari ule mmoja bado haujakatwa.

"Nisome, Bibi?"
Kiganja chake juu ya jina, kinatoka jasho.
Ngoja, mwanangu.
Anaimba.