Nambari ya Ngamia

Picha imefika usiku: mwamba mwekundu,
na juu yake mikwaruzo ya Mnabati mmoja
aliyetaka jina lake lisife.
Kazi yangu ni herufi moja tu, ya tatu, gimeli.
Wenye elimu husema ni ngamia:
shingo, na mguu mmoja uliotangulia.

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani, chumba cha nyuma.
Feni inalia kama mgonjwa.
Naweka nukta, naivuta, mstari unapinda.
Ukizidi kupinda, anakuwa mbuzi.
Nukta kumi na moja. Nafuta mbili.

Nambari anayo tayari, alishapewa na wakubwa wa hesabu:
moja, sufuri, nane, nane, nne.
Naiandika. Kioo kinanijibu kwa kisanduku kitupu,
yaani, namjua, ila sura yake sina.

Kisanduku hiki nakifahamu.
Mwaka ule wa kuandikisha watu wazima
karani alimuuliza bibi yangu, Mwanatumu binti Shekuwe:
Unajua kusoma? Akasema, Najua.
Akapewa gazeti. Akaligeuza, akalirudisha.
Karani akatia alama kwenye kisanduku: Hajui.
Akamshika dole gumba, akalichovya wino.

Na nyuma ya mlango wa jikoni, kwa mkaa,
kutoka kulia kwenda kushoto,
madeni ya mtaa mzima:
Mama Sefu, pishi mbili za mchele.
Kombo wa bucha, shilingi saba, na ana maneno.
Jimu zake zilikuwa na tumbo kubwa
na nukta ndani, kama mwana.

Jimu ni mjukuu wa gimeli huyu.
Sikuambiwa. Nimeiona shingo.

Saa sita kasoro umeme ukakatika.
Nikaingiza luku kwa tochi ya simu,
tarakimu ishirini, nikakosea, nikaanza upya.
Mtaani kwetu hata mtoto anajua:
nambari ikikaa sawa, mwanga huja.

Mashine ikaamka. Moja, sufuri, nane, nane, nne.
Akasimama,
mwembamba, mweusi, shingo mbele,
kama aliyesikia akiitwa.

Mlango ule tuliupasua kuni
wiki ya msiba wake.
Shoka nililishika mimi.
Nilikuwa darasa la sita,
najua kusoma.