Safu ya Bluu

Barua yake ilikuwa ya mistari miwili:
"Programu yako inanifungulia marehemu wasio wangu.
Njoo uone. Hillar Ojasoo, Ofisi ya Makaburi, Viljandi."

Nikapanda basi la alfajiri kutoka Tartu,
theluji ya magotini,
kompyuta nimeipakata kama mtoto mwenye homa.

"Usinisaidie," akasema. "Tazama mkono."
Nikautazama.
Orodha: majina elfu tisa na mia nne.
Kishale kikashuka, kikawapita akina Kask, akina Kivi,
kikasita juu ya August Kukk. Safu ikawa bluu.
Kisha lile tetemeko, mgeni wake wa mwaka wa sita,
likasukuma kipanya upana wa punje ya shayiri
na bluu ikamrukia jirani, Alviine Kull.
Dirisha likafunguka: kitalu cha saba, ada ya miaka mitatu haijalipwa.
Mjane wa August alikuwa amesimama pale, glavu mkononi.
"Huyo simjui," akasema.

Ni mimi niliyeandika, usiku, kwa majivuno:
chaguo likibadilika, tii.
Msimbo unaoitika kabla haujaitwa.
Nilisifiwa kwa wepesi wake.

Halafu akafuta herufi alizotafutia.
Orodha ikawa tupu, bluu ikakosa pa kukaa,
na programu, ilipoulizwa ni nani aliyechaguliwa,
ikajibu hasi moja, ikaanguka.
Nilimwandalia wa ndiyo, nikamwandalia wa hapana.
Asiyesema kitu sikumwekea hata kigoda.

Tulikaa hadi jua la saa tisa likaisha.
Nikaandika upya: bluu itangetange itakavyo,
kuonyesha si kuamuru.
Hasi moja ikija, nyamaza, subiri.
Kufungua kungoje kitufe cha Ingiza.

Akajaribu. Bluu ikaenda kwa Kull, ikarudi kwa Kukk,
ikaenda tena, ikarudi. Hakuna aliyeinuka.
Ndipo kwa gumba la kushoto, lile lisilotetemeka,
akabonyeza kama anayegonga muhuri.
August. Kitalu cha pili, chini ya msonobari.

Hakusema asante. Akachukua birika la maji.
"Chai au kahawa, Maarika?"
Sikujua. Nilikuwa nimechoka.
Akasimama pale, birika mkononi, mvuke ukipanda,
hakumimina.