Mbeleko ya Angani

Rukiya, uliniuliza itakuwaje. Basi sikiliza.
Kwanza utatia sahihi karatasi ambazo hutazisoma.
Kisha kijana, wangu aliitwa Chivatsi,
atakufunga kwa mikanda kifuani pake,
aivute mpaka useme yatosha, aivute tena.

Ndege haina mlango. Hilo sikuambiwa.
Masikio yanaziba, na chini Mombasa inajikunja:
makontena ya Kilindini kama vibiriti,
feri ya Likoni sisimizi avukaye mfereji,
na kule mwambani, uzi mweupe wa povu
ulioishona bahari ya kijani na ya samawati.
(Mshono mzuri. Mimi fundi cherehani, naijua mishono.)

Utakaa ukingoni, miguu hewani.
Utasahau dua zote ila ile fupi.
Huruki, mdogo wangu. Unatolewa.

Moyo haupandi kooni kama wasemavyo;
unabaki ndegeni, unakufuata baadaye.
Mashavu yanapigapiga kama leso kwenye kamba,
na ukipiga kelele upepo unazila.

Halafu mvuto mmoja, mwavuli,
na kimya
nisichokijua tangu nizaliwe Majengo.
Nimebeba watoto watano kwa mbeleko;
leo, na miaka yangu hamsini na minne,
nimebebwa mimi.
Nililia kidogo. Chivatsi alidhani ni upepo.

Mkikaribia ufuo wa Nyali inua magoti,
ukubali kutua kwa makalio.
Na viatu, funga kamba mara mbili:
changu cha kushoto kiliangukia Tudor,
au majini. Mungu ajua.