Hati ya Paka

Binti yangu Nasambu alipohamia Doha
aliniachia kapu, na ndani ya kapu paka asiye na manyoya.
Nilidhani mgonjwa. Nilidhani ameungua.
"La, Baba, ndivyo walivyo uzao huu,
na umwangalie vizuri, huyo ni laki mbili na nusu."
Nikaketi.
Laki mbili na nusu, hapa Buruburu awamu ya tatu,
ambako paka huokotwa na vifuniko vya soda.

Ngozi mikunjo mikunjo, goti la mzee mzima.
Masikio miiko miwili.
Mama Akumu alichungulia juu ya ua, akaguna:
"Mzee, kuku umeshamnyonyoa, mbona humpiki?"

Alikuja na hati.
Karatasi nzito, nembo ya dhahabu, na mti:
baba, mama, babu wawili, bibi wawili,
hadi kizazi cha tano, kila jina na namba yake,
hakuna pengo.

Mimi niliyekaa miaka thelathini na mmoja dirisha namba sita
nikiandika vizazi vya Nairobi kwa wino mweusi,
ninalijua pengo. Ninakijua kistari.
Jina la baba: kistari.
Wasichana wa Mukuru, wa Dandora, mtoto mgongoni,
wakijibu huku wameitazama meza,
kistari, kistari,
jioni kidole kinauma.
Mwenyewe nikiupanda mti wangu
naishia kwa babu Wabuke;
nyuma yake ni ukungu na ng'ombe.
Paka huyu babu wa babu yake alizaliwa Warsawa,
siku ya Jumanne.

Maagizo, kurasa tatu:
aogeshwe kila wiki kwa sabuni ya mtoto mchanga,
masikio yafutwe kwa pamba,
asikae juani saa sita, ataungua,
asipigwe na baridi.
Asipigwe na baridi!
Mwezi wa Julai, Nairobi,
jua lenyewe limeomba likizo
na blanketi asubuhi lina umande.

Usiku wa tatu alitetemeka.
Hakulia; kilio ningekivumilia.
Alikaa mbele ya kabati akanitazama
kama mtu wa foleni aliyefika dirishani
saa kumi na moja kasoro dakika mbili
na mimi nimeshafunga kalamu.

Kabatini mna sweta ya Rispa.
Ya buluu, kifungo kimoja si chake.
Miaka minne nimekataa.
Dada zake waliiomba, akina mama wa kanisa waliiomba,
Nasambu alitaka walau aifue,
nikamwambia, acha.

Nilitafuta mkasi niliostaafu nao.
Nikakata mkono wa kushoto, kuanzia kiwikoni,
nikatoboa matundu mawili ya miguu,
nikapinda ukingo kwa sindano:
mshono wa karani, umenyooka, mbaya.
Akaingia humo, barua na bahasha yake.
Mkono wa kulia nimeurudisha kwenye henga.
Sijui kwa nini. Unaning'inia.

Siku hizi analala kifuani pangu.
Ana joto la mkate uliotoka tanurini sasa hivi,
na hilo hakuna aliyeliandika kwenye hati.
Jana nimejikuta nikimsomea bei za nyanya gazetini.

Nje, juu ya tangi la maji, kuna paka shume wa mtaa,
sikio moja, mkia umevunjika,
anaita kwa sauti ya gari lisilotaka kuwaka.
Bibi wa laki mbili na nusu anainua kichwa.
Anasikiliza hadi mwisho.

Nasambu amenionya kwa simu:
"Akizaa na shume, Baba, watoto hawatapata hati."
"Kutoka kwa nani?" nikamuuliza.
Hakunielewa, au mtandao ulikatika.

Dirisha nimelifunga.
Ila komeo lile ni bovu,
kila mwaka Rispa alikuwa akisema, litengenezwe,
na fundi
sijamwita bado.