Kubwa Kama Nini?

Muuguzi Perisi aliuliza: madonge hayo,
makubwa kama nini?
Nikaangalia sakafu ya zahanati ya Hombolo
nikitafuta neno lisilo na haya.
Kama punje ya uwele, nikasema.
Akasubiri. Kalamu yake haikuandika uwele.

Kama zabibu, basi.
Zipi, za mchuzi au za sokoni?
Nikacheka, maana mimi ndiye mchambuaji,
ndogo pipani, kubwa kwenye kreti.
Za kreti, nikasema. Na moja, mwezi jana,
ilijaa kiganja, laini kama ini.
Niliifukia nyuma ya choo kwa mguu,
kama paka.

Mavyaa alisema ni uchafu,
shukuru, tumbo linafagiwa.
Mume wangu hakusema; alihamia mkekani.
Mimi nilihesabu ndoo: bombani saa kumi alfajiri,
moja ya kupikia, moja ya vitambaa,
na maji ya tatu bado mekundu.

Perisi hakuguna.
Mwili, alisema, una dawa yake
ya kuiweka damu nyepesi mpaka itoke.
Ikija kwa kasi dawa inazidiwa,
kama wewe peke yako siku ya lori.
Donge dogo siku ya pili si neno.
Donge la kiganja, kitambaa kuloa kila saa,
kizunguzungu ukiinuka shambani,
hapo tunauliza kwa nini.

Akataja uvimbe kwenye kizazi.
Akataja homoni zilizoyumba, kitanzi,
damu ya ukoo inayochelewa kuganda,
na mimba iliyotoka kimyakimya
(hapo nilishika ukingo wa meza).
Sijui ni ipi, alisema.
Atakayekwambia anajua bila kupima, mkimbie.

Akafunua kope ya chini ya jicho langu:
peupe, kama ukuta uliopigwa chokaa.
Akanipa vidonge vya kuongeza damu, na karatasi
ya kwenda mjini, nipigwe picha ya tumbo Alhamisi.

Alhamisi ndiyo siku ya lori.

Karatasi iko kwenye pindo la khanga.
Nachambua, mkono unasita:
hii punje. Hii zabibu.
Tabita, miaka kumi na miwili, amekuja kusaidia.
Mama, mbona leo unazipima kwa kidole gumba?

Nimesogeza kreti, apate pa kukaa.